Wimbo Mfupi wa Namba Saba

Mtu akiniambia muziki hutuliza roho, najua papo hapo hajawahi kupanga Kawangware kwa yule mama. Mimi nimepanga. Tena mimi ndiye niliyemfungia kompyuta yake ya muziki kwa mikono yangu hii, nikaitia nyimbo moja moja, na sijawahi kukasirishwa na kitu kidogo kama kile. Kifaa chenyewe kinatoshana na kipande cha sabuni ya kuogea. Lakini mikononi mwa mwenye ploti, yaani mwenye nyumba wetu, kilitawala watu wazima, watoto wao na ndoo zao.

Jina analo, na mtaa mzima unalijua, ila sisi wapangaji hatukulitumia. Vijana walimwita Shosho, yaani nyanya, mama yangu alimwita Mama Ploti, na mimi nikipandwa na hasira nilimwita majina yasiyoandikika. Yeye naye hakutuita majina. Alituita kwa namba za milango. Mimi na mama tulikuwa Saba. "Saba, funga geti." "Saba, mama yako amerudi?" Mama mwenyewe akawa Mama Saba, na wageni walidhani ana watoto saba, kumbe ana mimi peke yangu, na mimi peke yangu nilimtosha.

Lazima nieleze habari ya mfereji, maana bila mfereji huyu mama haeleweki. Ploti ilikuwa na mfereji mmoja wa koki uani. Maji hayakuja kila siku. Yalikuja siku za maji, na yakija yalitoka kwa kujivuta, kama yanalazimishwa. Sheria ya mwenye ploti ilikuwa hivi: kila nyumba ina wimbo wake. Wimbo wako ukianza kwenye spika ya kibarazani, mfereji ni wako. Ukiisha, hata kama mtungi umebakisha vidole viwili ujae, unaondoa mtungi na namba inayofuata inaingia. Hakuna kubembeleza. Namba zote zikiisha, mzunguko unaanza upya, kama maji bado yapo. Mara nyingi hayakuwepo.

Najua unavyofikiria. Kwa nini asitumie saa? Alishaitumia kabla hatujafika, akaiacha, kwa sababu kila mpangaji alikuwa na simu na kila simu ilikuwa na ukweli wake. Akajaribu redio: wimbo mmoja wa redio, nyumba moja. Hapo watangazaji wakamharibia. Mtangazaji akiongea juu ya wimbo, je, huo bado ni wimbo? Tangazo la sabuni ni la nani? Namba tatu, jamaa mmoja mjanja wa kuuza viatu vya mitumba, inasemekana aliwahi kuchota taarifa ya habari yote mpaka hali ya hewa, akidai muziki wa kufungulia taarifa ndio wimbo wake na haujafungwa. Ndipo mama yule akaamua kila nyumba ilete wimbo wake mwenyewe, akawa anazicheza kwa deki kuukuu iliyokuwa inakwamakwama.

Siku tuliyohamia hapo kutoka Lindi, mtaa wa kule Kibera, vitu vyetu vikiwa bado kwenye mkokoteni, alisimama getini akamuuliza mama, "Wimbo wenu ni gani?"

Hakueleza zaidi. Mama ni mtu wa kanisa. Alidhani ni salamu, akafurahi. Kule Lindi alikuwa kwenye kikundi cha maombi cha akina mama, na nilikuwa nimewarekodi kwa simu wakiimba wimbo wao wa kufunga kikao. Waliutunga wenyewe, hauko kwenye kitabu chochote. Unaomba njia iwe salama na nyumbani tuwakute wazima, basi, amina. Mama ndiye anayeuanzisha, sauti yake inasikika kabla ya wengine. Na wimbo wa kufunga kikao kila mtu anajua ulivyo: watu wameshabeba mikoba, wengine wameacha maharagwe jikoni. Mama akaniambia nitoe simu. Mwenye ploti akausikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha.

"Ni mfupi," akasema.

"Lakini ni mzuri," mama akajibu.

"Sijasema ni mbaya. Nimesema ni mfupi."

Hilo ndilo onyo pekee tulilopewa. Siku ya maji ilipofika tukaelewa. Wimbo wetu ulikuwa mfupi kuliko wote katika ploti. Ulijaza mtungi mmoja na kulowesha wa pili. Na mama yangu alikuwa mama fua. Kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu, mashuka, mapazia, sare za shule. Mama fua asiye na maji ni nini? Ni mwanamke aliyekaa na sabuni. Nyumba zingine zilichota maji ya kupikia wali. Sisi tulikuwa tunachota kazi.

Nilimwendea mwenye ploti siku hiyo hiyo. "Shosh, tunataka kubadilisha wimbo."

"Kwani ni mimi niliwachagulia?"

"Hatukujua."

"Sasa mnajua."

"Si basi tubadilishe?"

"Watu wamezoea."

Wamezoea! Tulikuwa na siku moja ya maji mle ndani. Lakini ndivyo alivyokuwa, na kibaya zaidi, baadaye niliona alichomaanisha. Watu hawakukaa kwenye foleni. Walikuwa ndani wanapika, wananyonyesha, wanasuka, na masikio yao yako nje. Wimbo wa akina mama wa Lindi ukianza, fundi wa nguo wa namba nane alijua afunge kazi atoke na ndoo zake. Ukibadilisha wimbo mmoja unavuruga jikoni za watu wengine. Nilielewa. Kuelewa hakukunipunguzia hasira hata kidogo.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la kutengeneza kompyuta upande wa Satellite. Pale dukani kulikuwa na kompyuta ndogo, zile za bodi tupu zisizo na kioo wala kibodi, ambayo mteja aliileta akaikataa. Tajiri akanipa. Nikaitia Linux, ule mfumo wa bure, nikaiwekea programu ya kupanga na kucheza nyimbo, nikaunganisha na spika. Nilikuwa na hila yangu, na siifichi: nilidhani nikibadilisha mashine nitabadilisha na sheria. Deki ilikuwa inakwama. Yule mama alikuwa anahitaji kitu kipya. Mimi ningemletea, na ndani yake ningemwekea kengele ya kugawa muda sawasawa, kila nyumba dakika zilezile, mama yangu apate haki yake kama watu wengine.

Swali lake lilikuwa moja tu. "Inakula stima kiasi gani?"

Stima ilikuwa ugonjwa wake. Pasi marufuku, hita marufuku, jiko la koili alilijua kwa harufu. Nikamwambia inakula chini ya balbu. Hakuamini. Akazima ploti nzima, akaacha kifaa changu peke yake, akaleta kigoda akaketi mbele ya mita, akitazama ile taa nyekundu inayopepesa stima ikitumika. Taa ikapepesa mara moja. Akangoja. Uji wa watu ukapoa, mtoto wa namba tano akalia gizani, yeye anangoja. Ilipopepesa tena akaguna. "Haina tamaa," akasema, na kwa miaka yote niliyomjua sikumsikia akimsifu binadamu hivyo.

Basi nikamwonyesha kengele. Akaisikiliza.

"Hii ni ya shule."

"Lakini inagawa sawa, Shosh. Kila mtu dakika zake."

"Dakika nani anaziona? Zako unaziona wewe na simu yako. Wimbo kila mtu anasikia. Ukiisha umeisha, hata kipofu anajua."

Nikabishana naye mpaka jua likahama kibarazani. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Aliichukua mashine, akaikataa haki, akanishukuru kwa kipande cha muhogo.

Lakini sikukata tamaa. Nje ya kifaa nilikuwa nimefunga vitufe viwili vya kengele ya mlango: chekundu cha kuanzisha na kusimamisha, na kijani. Akauliza cha kijani ni cha nini.

"Hicho kinarudia wimbo," nikasema, nikijifanya ni jambo dogo. "Kwa mfano mtu ana wimbo mfupi. Unarudia mara moja tu, anakuwa sawa na wengine."

Alinitazama. Akaingia ndani kwake. Nikasikia droo. Akatoka na plasta, ile ya kubandika kidonda, akakifunika kitufe changu cha kijani, akaisugua kwa kidole gumba ikakamata.

"Wimbo haukatwi," akasema. "Na haurudiwi."

Plasta ile niliitazama kila siku ya maji. Ikachakaa, ikawa nyeusi pembeni. Hakuna mtu aliyethubutu kuigusa.

Kisha akaiweka kompyuta ndani ya mkebe. Mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, wa bati, akautoboa vitundu kwa msumari, vitufe akavitoa nje, akautundika kando ya mita. Panya, alisema. Mimi nikawa siwezi kuifikia tena kwa simu. Mtandao umekufa. Nilishinda wikendi mbili nikipekua mipangilio, nafuta na kuweka upya, nikiilaumu Linux ya watu, mpaka nilipofungua kifuniko kupunguza joto na simu ikashika mara moja. Bati ndilo lililokuwa linazuia mawimbi. Nikakimbia kumweleza.

"Kwa hivyo nikifunga kifuniko, hakuna mtu anaweza kuchezea nyimbo na simu?"

"Ndiyo, ndiyo shida yenyewe."

"Shida ya nani?"

Akaenda akanunua kufuli. Pasiwadi ya mashine, lile neno la siri, ilikuwa jina la ng'ombe aliyekuwa naye zamani Kawangware ikiwa bado na malisho, na jina hilo kila mtoto wa ploti alilijua kwa sababu kila hadithi yake ilikuwa na yule ng'ombe. Haikudhuru. Ulinzi wa seva yangu ulikuwa mkebe wa mafuta.

Na watu walihitaji kulindwa, nakubali. Fundi wa nguo alimpa mpwa wake wimbo wake auvute uwe mrefu. Ukarudi mwimbaji wa kike akinguruma kama fahali. Ulipochezwa, mwenye ploti akasimama uani mikono kiunoni. "Huyu mama ana homa?" Fundi akasema ni rekodi mpya. "Mpeleke hospitali. Leta ile ya zamani."

Yule mjanja wa namba tatu naye akagundua kitu. Tokeni za stima, zile za kulipia kabla, zikiisha katikati ya wimbo, sheria ilisema wimbo haukatwi, kwa hiyo stima ikirudi unaanza mwanzo. Basi tokeni zikawa zinaisha kwenye wimbo wake. Mara ya kwanza tukampa pole. Zilipoisha tena, mwenye ploti alienda moja kwa moja mlangoni kwake, akanusa, akaingia, akatoka na pasi ya moto ameishika kwa leso. Tulingoja amfukuze. Hakumfukuza.

"Stima hakuna," akamwambia. "Imba."

"Niimbe nini, Shosh?"

"Wimbo wako si unaujua? Ukinyamaza, mfereji si wako."

Manze! Jamaa aliimba. Wimbo wa mapenzi, na watu wote wamejaa milangoni, watoto wamepanda juu ya mitungi. Alizikimbiza beti kama anafukuzwa na mbwa, akamaliza na nusu mtungi. Tokeni hazikuisha tena.

Kosa langu mimi lilikuwa la kitaalamu. Programu ile ina mpangilio wa kuunganisha nyimbo: wimbo unaokuja unaanza polepole kabla huu haujaisha, ili kusiwe na kimya katikati. Nilipoiboresha mashine, mpangilio ukajiwasha. Kwa mtu aliyelala kwenye kochi ni raha tupu. Kwa watu wenye ndoo ni vita. Fundi wa nguo alikuwa mferejini na aliyemfuata ni Baba Akinyi wa namba mbili, aliyehamishiwa mwisho wa foleni, mjenzi, mtu mpole kabisa siku nyingine zote.

"Gitaa yangu imeingia, toa ndoo!" Baba Akinyi akasema.

"Na huyu mwanamke anaimba ni wa nani? Si bado ni wangu?"

"Skiza vizuri! Hiyo ni gitaa ama si gitaa?"

Wote wawili walikuwa na haki, ndoo mbili chini ya mdomo mmoja, maji yanamwagikia viatu. Mwenye ploti akafunga koki kuu, akaniita mbele ya watu.

"Saba. Wewe ndio umeozesha hizi nyimbo?"

"Ni mpangilio, Shosh. Ndio teknolojia."

"Zitenganishe."

Huyo Baba Akinyi ndiye niliyemwonea wivu kuliko wote. Wimbo wake ulikuwa wa benga, mrefu, ukidhani umeisha ndipo gitaa linakunja mikono ya shati na kuanza kazi. Mwenye ploti hakuukata. Alimtoa tu kwenye namba yake akamweka mwisho wa foleni, ambako mara nyingi alikuta mfereji unakohoa. Na hapa ndipo huyu mama alinichosha kabisa. Alisema benga ni muziki wa baa na hataki kuusikia Jumapili. Jumapili, akitoka kanisani, anachagua mboga kibarazani, nilimsikia kwa masikio yangu akiiga lile gitaa kwa mdomo, mkunjo kwa mkunjo, bila kukosea. Kijaluo hakujua hata salamu. Siku moja alimuuliza mama maneno yanasema nini. Mama akamwambia ni mtu anamshukuru rafiki yake kwa kumnunulia baiskeli.

"Baiskeli tu?" Alikasirika. "Wimbo wote ule ni baiskeli?"

Lakini aliendelea kuliiga.

Nilitaka awe mwizi. Ingekuwa rahisi kwangu. Nikawa namvizia, nione kama anajichotea kwa siri kabla ya watu. Nyumba yake ilikuwa ile ya mawe pale mbele na alitumia mfereji uleule. Hakuwa na wimbo. Alichota baada ya wote kumaliza, na maji yakiwa yamekatika alikaa bila, au alimwita mtu wa mkokoteni akanunua kama sisi. Nilimuuliza kwa nini asijiwekee wimbo naye aingie foleni. Akasema, "Nikiingia kwa foleni, nani atasimama hapa?" Unaweza kumchukia mwizi ukalala vizuri. Mtu kama huyu unamchukia ukiwa umekaa macho.

Mama hakunisaidia. Nilipolalamika alikuwa upande wa mwenye ploti. "Haba na haba hujaza kibaba," aliniambia. Nikamwambia karai la mapazia si kibaba. Akacheka. Alikuwa amejifunza kuchota kwa akili: mitungi imefunguliwa vifuniko mapema, karai pana linaanza, hakuna kufunga koki wakati wa kubadilisha, mguu mmoja unasukuma mtungi uliojaa huku mkono unavuta mtupu. Watu walitoka milangoni kumtazama. Na alikuwa anaimba pamoja na rekodi, akiimba pamoja na sauti yake mwenyewe, akiivuta ile amina ya mwisho polepole, akiivuta, kana kwamba mkebe utamngoja. Mkebe haukumngoja. Alikuwa anabeba maji mengine kutoka mbali, mgongo umepinda, na mimi namwona, na plasta naiona.

Jambo la mwisho tulilogombania ni nafasi. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa inajaa kwa sababu yule mama hakukubali wimbo wa mpangaji aliyehama ufutwe. Niliziweka kwenye folda moja nikaiita Waliohama. Kila nilipofungua mkebe nilimwomba.

"Shosh, hizi tufute. Hawa watu walishaenda."

"Wakirudi?"

"Nani anarudi kupanga hapa?"

"Wakirudi," akasema, akafunga kifuniko.

Nilipopata kazi nzuri zaidi tukahamia Riruta Satellite, kwenye nyumba yenye maji ndani. Siku ya kwanza mama alifungua koki ya jikoni akaiacha itiririke, akaitazama, mpaka nikamwambia afunge. Nilidhani tumemalizana na yule mama.

Kisha mama akapata kiharusi. Si kikubwa, walisema, lakini mkono wa kulia ulikataa kufua na sauti ikawa nyembamba. Alianza kukaa dirishani. Siku moja akaniambia anataka kusikia ule wimbo. Nikajua upi. Simu niliyowarekodia ilikuwa imenyakuliwa zamani kwenye steji ya matatu. Nilienda Lindi kuwatafuta wale akina mama. Wengine wamerudi kwao kule ziwani, wengine tumewazika, aliyebaki hakukumbuka nani anaanza. Mahali pekee duniani palipokuwa na sauti ya mama yangu ikiwa nzima palikuwa ndani ya mkebe wa mafuta, Kawangware.

Nikaenda. Mwenye ploti alikuwa kibarazani, amekonda, magoti yamevimba, fimbo kando yake. Ploti ilikuwa imebadilika. Alikuwa amechimba kisima cha pampu, kuna tangi kubwa juu ya chuma, mfereji wa uani unatoa maji siku zote. Foleni hakuna. Lakini mkebe ulikuwa pale pale kando ya mita, kufuli lake, vitufe vyake, na plasta.

"Saba," akasema, kana kwamba nimetoka dukani.

Nikamweleza habari za mama. Akasikiliza, kichwa amekiinamisha. Nikatoa simu. "Fungua tu kifuniko, Shosh. Nakopi, naenda. Haichukui hata dakika."

"Hapana."

Nilidhani sikusikia.

"Wimbo wa mtu sipei mtu mwingine. Aje."

"Ni mama yangu! Kutembea ni shida!"

"Si hajafa. Mlete. Mahali pake pako."

Nilimwambia mambo. Nilimwambia amezeeka vibaya, nikamwambia kama si bati lake ningeuchukua wimbo nikiwa nje ya geti na asingejua. Alisubiri nimalize. Akaniuliza kama mama bado anapenda chai ya tangawizi. Nikatoka nimefunga geti kwa kishindo ambacho zamani kingenigharimu.

Jumamosi nikamleta mama kwa teksi, nikimlaani yule mwanamke njia nzima. Mama alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa. Mwenye ploti alikuwa ameweka kiti uani, karibu na mfereji, na mbele ya kiti kulikuwa na karai pana, limesuguliwa likang'aa. Walishikana mikono muda mrefu, mkono mmoja ukiwa hauna nguvu.

"Mama Saba."

"Mama Ploti."

Mwenye ploti akafungua kufuli, akaniambia niutoe wimbo kutoka kwa Waliohama niurudishe kwenye foleni. Niliurudisha. Alipobonyeza kitufe chekundu, sauti ya mama ikatoka kwenye spika, peke yake, kabla ya wengine, changa na yenye nguvu. Mama akashtuka. Kisha akainama, kwa mkono wa kushoto akafungua mfereji.

Maji yakashuka kwa kasi kwenye karai. Aliimba pamoja na rekodi, ile sauti nyembamba chini ya ile nzima. Alipofika mwisho akaivuta amina kama zamani. Rekodi haikumngoja. Ikaisha, na mama akafanya alichofanya miaka yote ile: akaondoa mkono kwenye koki, akavuta karai kando kupisha namba nane.

Mwenye ploti akabonyeza chekundu kabla wimbo wa namba nane haujaanza. Akaegemea ukuta, akaanza kuibandua ile plasta kwa kucha. Ilikuwa imekauka, ikatoka vipande vipande. Chini yake kitufe changu kilikuwa kijani kibichi, kipya kabisa. Akakibonyeza. Mama akaanza tena kuimba kwenye spika.

Sikuweza kuvumilia. "Sasa?" nikamwambia, na nilikuwa nalia, sitaki kudanganya. "Shosh, sasa ndiyo unarudia? Maji yamejaa kila mahali, mkono wake haufui tena, ndiyo unarudia? Miaka yote ile tulikuomba mara moja tu!"

Hakukasirika. Alininyooshea fimbo, akaielekeza nyuma ya kiti cha mama.

"Wakati ule kulikuwa na watu nyuma yake," akasema. "Angalia. Leo kuna mtu?"

Nikageuka. Ua ulikuwa mtupu mpaka getini, milango imefungwa, hakuna ndoo hata moja. Mama alikuwa amerudisha karai chini ya mfereji na anaimba, wala hatusikii. Wimbo ukafika mwisho, na yule mama akabonyeza tena.